KIRUSI CHA KOMPYUTA HAKINA MIGUU

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa Thika na Ruiru. Imechapwa hapa kwa ajili ya wale ambao zamu zao ziliwazuia kuhudhuria.)



Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza juu ya mishahara, saa za kazi, nyumba na likizo. Leo sisi wa kamati ya elimu tumeombwa kusema juu ya jambo ambalo wengine watadhani ni la makarani peke yao, nalo ni virusi vya kompyuta. Twaomba msichoke kusikiliza. Kabla hatujamaliza mtaona ya kuwa jambo hili lahusu mfuko wa kila mmoja wetu, awe karani, fundi wa mitambo, dereva au mchuma kahawa.

Fikirini kidogo. Saa tunazofanya kazi zaandikwa wapi siku hizi? Katika kompyuta. Kidole ambacho mtu hukiweka langoni asubuhi husomwa na kompyuta. Orodha ya mishahara imo humo, na makato ya NSSF, na ya afya, na kodi ya KRA, na akiba ya SACCO, na ada ya chama chetu. Katika viwanda vingi hata mashine yenyewe, ya kusokota nyuzi au kujaza chupa, yaendeshwa na kompyuta ndogo iliyofungwa katika sanduku ukutani. Basi kompyuta hizo zikiugua siku ya mwisho wa mwezi, atakayelala njaa ni mtoto wa mfanya kazi.

KIRUSI NI KITU GANI?

Kirusi cha kompyuta hakihusiani na virusi vya mafua. Si mdudu, wala hakizaliwi na vumbi au joto. Ni maandishi, yaani orodha ya amri iliyoandikwa na mtu mwenye akili timamu ili kompyuta izifuate. Programu nzuri ya kuhesabu mishahara ni orodha ya amri, na kirusi vile vile ni orodha ya amri. Tofauti ni kwamba kirusi kimeamriwa kufanya mambo mawili: kujinakili katika kompyuta nyingine bila mwenyewe kujua, na mara nyingi kufanya uharibifu au wizi.

Wenzetu wa mashamba ya kahawa ya Ruiru watalielewa jambo hili upesi kuliko sisi wa mjini. Wao wanaujua ule ugonjwa wa matunda uitwao CBD, ambao uliandikwa mara ya kwanza katika Kenya mwaka 1922. Ule waletwa na kuvu, wala si kirusi, lakini mwendo wake ni kama huu. Kuvu ile haina miguu wala mabawa. Matone ya mvua huirusha kutoka tunda hadi tunda, na mikono na nguo za wachumaji huipeleka kutoka mti hadi mti. Na kirusi cha kompyuta hali kadhalika. Hakina miguu. Mara nyingi huingia kwa sababu mkono wa mtu umekibeba au umekifungulia mlango.

Watu husema "kirusi" kwa kila kitu kibaya cha kompyuta, lakini yafaa tutenge aina nne.

Ya kwanza ni kirusi chenyewe. Hiki hujishika kwenye programu au faili nyingine kama kupe, na hakifanyi kazi mpaka mtu aifungue faili ile.

Ya pili ni mnyoo. Huu hauhitaji kushikwa mkono hata kidogo. Ukiisha ingia katika kompyuta moja hupita katika waya na kutafuta wenyewe kompyuta nyingine zenye ufa.

Ya tatu ni programu ya hadaa. Hii hujifanya kitu chema, mathalani mchezo, wimbo au fomu ya serikali, na ndani yake yumo mwizi. Baadhi yake hukaa kimya na kuandika kila herufi unayoipiga, pamoja na neno lako la siri la benki.

Ya nne ndiyo inayotisha makampuni siku hizi, nayo ni programu ya kudai fidia. Hufunga faili zote kwa kufuli ya hesabu ambayo hakuna fundi wa mtaani awezaye kuivunja, kisha huandika katika kioo: lipeni, ama msahau mali yenu.

MAMBO YALIYOKWISHA TOKEA

Mwaka 1986 ndugu wawili wenye duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan, walitoa kirusi kilichoitwa Brain. Walisema walitaka kuwatambua watu walionakili programu yao bila kulipa. Waliandika ndani yake majina yao na nambari ya simu, lakini kilienea katika diski mpaka nchi za mbali ambazo wao hawakuzitazamia. Hapa twajifunza ya kuwa aandikaye kirusi hawezi kukirudisha nyumbani.

Mwezi wa Desemba 1989 diski karibu 20,000 zilitumwa kwa posta kutoka London kwenda kwa watu wa nchi nyingi. Zilisemekana zina maarifa juu ya ugonjwa wa UKIMWI. Mtu alipokwisha kuwasha kompyuta yake mara tisini hivi, majina ya faili zake yalivurugwa, na karatasi ikatoka katika printa ikimwambia atume dola 189 katika sanduku la posta huko Panama. Hiyo ndiyo programu ya kwanza ya kudai fidia inayojulikana. Aliyeshitakiwa, Joseph Popp, alikuwa Mmarekani msomi aliyewahi kufanya kazi hapa Kenya. Alipelekwa Uingereza, lakini hukumu haikutolewa kwa sababu ilionekana akili yake haikuwa katika hali ya kusimama mbele ya korti. Neno la kushika ni kwamba diski ile ilibeba jina la jambo jema. Mwizi hatumii chambo kibaya.

Tarehe 4 Mei 2000 barua-pepe yenye kichwa cha maneno "nakupenda" kwa Kiingereza ilitoka Ufilipino. Aliyefungua kiambatisho chake aliipeleka, bila kujua, kwa kila mtu aliyemo katika kitabu chake cha anwani. Katika siku chache iliingia katika mamilioni ya kompyuta, na maofisi makubwa ya Ulaya na Marekani yakazima mitambo ya barua. Kijana aliyeiandika hakuweza kushitakiwa, maana wakati huo Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Na angalieni: barua zile zilifika kutoka kwa watu wanaojulikana, rafiki au bwana mkubwa wa ofisi. Kumjua mtumaji hakutoshi.

Mafundi wa mitambo nao wasikie habari hii. Mwaka 2010 uligunduliwa mnyoo ulioitwa Stuxnet, uliotengenezwa kuharibu mashine za urani za Natanz katika Iran. Mashine zile hazikuunganishwa na intaneti, na mnyoo ule ulienezwa kwa flashi. Ulibadilisha mwendo wa mashine mpaka zikavunjika, na huku vipimo katika kioo vikionyesha ya kuwa kila kitu ni sawa. Ndugu, mtu anayesimama karibu na boila au mtambo wa chuma anategemea vipimo vyake visiseme uwongo. Kwa hiyo hili ni jambo la usalama wa mwili pia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama kila mahali penye wafanya kazi ishirini au zaidi. Twashauri kamati hizo ziulize swali hili: ni nani anayeruhusiwa kuchomeka flashi katika mtambo?

Na Ijumaa tarehe 12 Mei 2017 mnyoo wa kudai fidia, WannaCry, ulishika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa. Lakini Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa dawa ya ufa ule tarehe 14 Machi, yaani karibu miezi miwili kabla. Wengi walioumia ni wale ambao dawa ilikuwako na hawakuinywa.

Hapa petu pia yametokea. Mwezi Aprili 2023 kampuni ya maduka ya Naivas, ambamo wengi wetu hununua unga, ilitangaza hadharani ya kuwa ilishambuliwa na wahalifu wa fidia na ya kuwa baadhi ya habari zake zilichukuliwa. Kutangaza namna hiyo ni jambo jema, kwa sababu mteja aliyeonywa aweza kujilinda.

MILANGO YAKE KATIKA THIKA NA RUIRU

Mlango wa kwanza ni flashi. Kila mwaka mwezi wa Juni mwaona foleni katika saiba za mjini Thika na za Ruiru, watu wakitaka kupeleka hesabu za kodi kwa KRA kabla ya tarehe 30. Kila mtu ana fomu yake ya P9, na wengi wameitia katika flashi. Kompyuta moja ya saiba hupokea flashi za watu wengi kwa siku moja. Kama moja ina kirusi, jioni zote zinazo, na kesho yake asubuhi zinachomekwa katika kompyuta za ofisi, za shule na za kanisa. Dalili yake wengi mmeiona: mafaili yako yametoweka, na mahali pake pana alama ndogo zenye mshale. Msihuzunike upesi, wala msikubali flashi ifutwe papo hapo. Mara nyingi faili hazikupotea, zimefichwa tu, na zile alama ndizo mtego. Ukiibonyeza alama, ndipo unapokiamsha kirusi. Mpeni mtu ajuaye aisafishe kwanza.

Mlango wa pili ni barua-pepe. Tangu nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti imekuwa ya kasi, na barua za wezi zimekuja nayo. Karani wa hesabu hupata barua inayosema "ankara imechelewa kulipwa, tazama kiambatisho". Yule wa uajiri hupata barua ya mtu aombaye kazi. Kazi yao ni kufungua barua za namna hiyo, na mwizi anajua hivyo.

Mlango wa tatu ni programu za bure ambazo kwa haki si za bure. Mtu huuziwa kompyuta kuukuu, na muuzaji humtilia programu zilizovunjwa kufuli. Aliyevunja kufuli ile hakufanya hivyo kwa huruma. Mara nyingi ameacha mtu wake ndani ya nyumba.

Mlango wa nne ni simu. Simu ya mkononi ni kompyuta kamili, na kwa wengi wetu ndiyo benki pia. Ujumbe huja katika WhatsApp ukisema pakua programu hii upate mkopo, au kazi ya ng'ambo, au kifurushi cha bure. Programu isiyotoka katika duka rasmi la simu, ambayo yaomba ruhusa ya kusoma ujumbe wako wote, yataka kusoma na ile nambari ya siri ambayo benki hukuletea.

KINGA

Sasa twaja kwenye kinga. Tumezipanga kwa hesabu ili mpate kuzikumbuka.

Kwanza, kubali marekebisho. Kompyuta au simu ikisema ina marekebisho mapya, usiseme "kesho" kila siku. Hiyo ndiyo dawa ya ufa. Tena wenye kompyuta za Windows 10 wajue ya kuwa Microsoft iliacha kutoa marekebisho yake ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025. Waulizeni wakubwa wa ofisi wamefanya shauri gani.

Pili, programu ya kukinga virusi iwe macho. Windows za siku hizi huja na yake, hakuna haja ya kununua kwa mchuuzi. Lakini msiitegemee kama hirizi. Hiyo hutambua virusi kwa alama za wale waliokwisha kukamatwa na kwa mwenendo unaoshukiwa. Mwizi mgeni aweza kuipita. Kituo cha utafiti cha Ruiru kilitoa mwaka 1985 mbegu ya kahawa istahimiliyo CBD, ambayo twaijua kwa jina la Ruiru 11. Hata hivyo mkulima mwenye mbegu hiyo hajaacha kupogoa wala kulikagua shamba lake.

Tatu, fanya nakala. Kanuni ya mafundi ni hii: nakala tatu za faili iliyo muhimu, katika vyombo vya namna mbili, na moja iwekwe mahali pengine kabisa. Nakala iliyochomekwa wakati wote katika kompyuta si nakala, maana kufuli ikija itafunga zote mbili. Mwezi wa Juni 2017 programu ya uharibifu iliyoitwa NotPetya ilishika kampuni kubwa ya meli ya Maersk. Nakala za orodha kuu ya mtandao wao zilifutika katika maofisi duniani, ikabaki moja tu katika ofisi yao ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale na kompyuta ile haikuwa kwenye waya. Wakaichukua hiyo wakajengea upya. Walitengeneza upya kompyuta 45,000 kwa siku kama kumi, na hasara ilikisiwa kufika dola milioni 300. Sisi wa Thika twaujua umeme kukatika, lakini tusingojee bahati ya namna hiyo. Tukate waya wenyewe, kwa mpango, kila wiki.

Nne, soma jina lote la faili kabla ya kufungua. Ile barua ya 2000 ilikuwa na faili iliyojifanya maandishi tu, lakini mwisho wa jina lake ulionyesha ni programu. Ankara ya kweli haimalizikii kwa "exe". Na hati ikikuomba uwashe "makro" ndipo uweze kuisoma, ifunge. Kama una shaka, mpigie simu mtumaji kwa nambari uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa katika barua yenyewe.

Tano, flashi ya kazi ibaki kazini na ya nyumbani ibaki nyumbani. Kama ni lazima kwenda saiba, jitumie faili kwa barua-pepe, au chukua karatasi. Ukimaliza, toka katika akaunti yako, wala usikubali kompyuta ya saiba ikumbuke neno lako la siri.

Sita, neno la siri liwe refu, na kila akaunti iwe na lake. Penye nafasi ya kuweka uthibitisho wa hatua mbili, uweke. Hapo hata mwizi akijua neno lako atakwama kwenye hatua ya pili.

Saba, na hii ni ya wote hata asiyegusa kompyuta: tunza hati zako za mshahara. Sheria ya Kazi ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi wake wa kudumu maelezo ya mshahara kwa maandishi. Zitie katika mfuko wa nailoni, ziweke nyumbani. Siku ambayo kompyuta ya kampuni itasema haikujui, hizo ndizo nakala zako. Na tusidanganywe ya kuwa kumbukumbu zikipotea haki imepotea. Sheria hiyo hiyo yasema ya kuwa mwajiri akishindwa kuleta mbele ya korti kumbukumbu za maandishi alizotakiwa kuzitunza, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi humwangukia yeye.

IKIISHA KUUGUA

Ukiona kompyuta inajifungua na kujifunga, au faili zimebadilika majina, au maneno ya kudai fedha yametokea, fanya hivi. Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi, ili isiambukize nyingine. Usichomeke flashi wala diski ya nakala kujaribu kuokoa kitu. Usifute chochote. Piga picha ya kioo kwa simu, andika saa, kisha mwite mkubwa na fundi hapo hapo. Wenzako wa meza za jirani waambie nao wasifungue barua ile.

Kulipa fidia twashauri kampuni zisikimbilie. Aliyefunga ni mhalifu, na hakuna mkataba naye. Wapo waliolipa wasipewe ufunguo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina kituo chake cha kushughulikia mashambulizi haya, KE-CIRT, na polisi wa upelelezi wana wataalamu wao. Huko ndiko kwa kwenda.

KITI CHA LAWAMA

Sasa, ndugu zetu, twafika kwenye jambo lililotufanya tuombe nafasi ya kusema leo.

Kirusi kikiingia katika kampuni, swali la kwanza huwa ni "nani amekileta?" Na jibu huwa ni mtu mdogo: msichana wa mapokezi, karani wa mizani, kijana wa stoo. Huambiwa amekula njama, hukatwa mshahara, ama hupewa barua ya kuondoka siku hiyo hiyo. Hakuna aulizaye kwa nini marekebisho hayakuwekwa kwa mwaka mzima, kwa nini programu ilinunuliwa ya kuibwa, kwa nini nakala hazikuwako, wala kwa nini karani yule hakufundishwa hata saa moja.

Waajiri watasema, "Lakini yeye ndiye aliyebonyeza." Ni kweli, kidole ni chake. Wala hatuwatetei wazembe. Mtu aliyekatazwa kwa maandishi na kufundishwa, kisha akafanya kwa makusudi, ajibu. Lakini nyumba ambayo yaweza kuanguka kwa kidole kimoja ilijengwa na nani?

Na sheria zasemaje? Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 ina adhabu kali. Kuingilia mfumo wa kompyuta kwaweza kuleta faini ya hadi shilingi milioni kumi au kifungo cha hadi miaka mitano. Lakini kosa hilo ni la atendaye kwa makusudi na bila idhini. Karani aliyedanganywa na barua ni mtu aliyeibiwa. Sheria ya Kazi nayo hairuhusu mshahara kukatwa kwa uharibifu wa mali ila pale ambapo mfanya kazi amekosa kwa makusudi, tena kwa kiasi cha haki. Na kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu, mwajiri hana budi kumweleza sababu kwa lugha anayoifahamu, na kumsikiliza mbele ya mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Aliyefukuzwa bila hayo asikae nyumbani akinung'unika. Ana miezi mitatu tangu siku hiyo kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi, na aje kwetu mapema.

Lakini kuna hoja iliyo kubwa kuliko hizo, na twataka waajiri wenyewe waisikie kwa faida yao. Ile sheria ya 2018 yamtaka mwenye mfumo wa kompyuta aarifu juu ya shambulio katika saa 24. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yataka Kamishna aarifiwe katika saa 72 kama habari za watu zimefichuka na zaweza kuwadhuru. Saa hizo zitahesabiwaje, kama karani wa kwanza kuona dalili amezima kioo akaenda nyumbani kwa hofu? Mnyoo hungoja? Yule anayeogopa kufukuzwa hunyamaza, na katika kimya hicho ugonjwa hutoka ofisi moja hadi nyingine, kutoka hesabu hadi stoo, kutoka stoo hadi orodha ya mishahara. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi twaongeza: na anayewafanya watu wafiche maradhi, huyo naye ni mshirika wa maradhi.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu uwatume wakilishi wetu wakayatie mambo manne katika mapatano yajayo na waajiri wa Thika na Ruiru.

1. Kila mfanya kazi anayegusa kompyuta afundishwe namna ya kujikinga, katika saa za kazi na kwa gharama ya mwajiri.

2. Atakayearifu juu ya kirusi siku hiyo hiyo, hata kama yeye ndiye aliyefungua barua, asiadhibiwe wala asikatwe mshahara, ila kama imethibitishwa alifanya kwa makusudi.

3. Orodha ya mishahara na kumbukumbu za wafanya kazi ziwe na nakala isiyo kwenye waya, ili mshahara usicheleweshwe kwa kisingizio cha kompyuta.

4. Habari za wafanya kazi zikiibwa, yaani nambari za vitambulisho, akaunti za benki au alama za vidole, wafanya kazi waambiwe bila kukawia, kwa maana ni mali yao.

Nasi upande wetu tuahidi. Tusilete flashi za barabarani kazini. Tusipakue michezo katika kompyuta za ofisi. Anayejua amfundishe asiyejua bila kumcheka. Na mtu akiona dalili, aseme saa ile ile. Akisema, sisi sote tusimame nyuma yake.

Wazee wa chama hiki walifundishana kusoma mikataba wakati ambapo wengi wao hawakujua kusoma, maana waliona ya kuwa asiyejua kusoma hutia kidole penye hasara. Leo kidole hicho chabonyeza kioo. Somo ni lile lile.

Wenye maswali wayalete kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao.